Ada za M-Pesa: mwenye mia mbili analipa asilimia ngapi?

Daftari_la_Chama: Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack wa 2016 ulikadiria kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 za Kenya, kama 2% ya kaya zote, kwenye umaskini. Sipingi. Ninachouliza ni pengo la kipato: ada na mikopo ya simu humuumiza nani zaidi? Leteni hesabu, siasa tuziache.

Mizani: Tazama ada kwanza. Kwa bei zilizokuja na ushuru wa 15% mwaka 2023, kutuma 200 ni sh 7, kuzitoa kwa wakala ni 29. Jumla 36, yaani 18% ya pesa yenyewe! Kutuma 50,000 ni 108, kutoa ni 278; jumla 386, haifiki hata 0.8%. Ada ya kutoa ni ileile 29 kuanzia 101 mpaka 2,500, na anayeishi kwa kibarua cha siku hutuma kidogokidogo. Akituma 200 mara tano na kila mara zikatolewa, zimeliwa 180. Akituma 1,000 kwa mpigo, ni 42 tu.

Kwa hiyo, ikiwezekana, pesa isitolewe kabisa. Ukilipa dukani kwa namba ya till (namba ya duka ya kupokea malipo ya M-Pesa) mnunuzi hatozwi, muuzaji ndiye hukatwa 0.55%. Shida ni kibanda kisicho na till: unarudi palepale kwa wakala.

Kibaba: Ada ni ndogo ukilinganisha na mikopo. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo ndani ya M-Pesa iliyoanza Novemba 2012, hutoza 7.5% kwa siku 30. Ni ada ya mkupuo: ukikopa 1,000 ukarudisha baada ya siku tano, bado ni 75. Usiporudisha ndani ya siku 30, mkopo husogezwa mwezi mwingine na 7.5% inapigwa tena. Kwa mwaka hiyo ni 90%. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ni 8% kwa mwaka: 1,000 kwa siku 14 ni kama sh 3, ila mkononi unapata 950 kwa sababu 5% huenda kwenye akiba. Lakini mama mboga aliyepewa kikomo cha 500 hajazi meza kwa hiyo, basi anarudi kwenye mkopo ghali. Mwenye 50,000 za ziada, yeye hununua hati fungani za serikali kwa simu hiyohiyo, analipwa riba. M-Akiba, hati fungani ya serikali ya 2017 iliyouzwa kwa simu, ilijaribu kushusha kizingiti hadi 3,000, kwa riba ya 10% isiyokatwa kodi.

Mizani: Hapo kwenye mikopo nakubali.

Njia_Panda: Hiyo 18% msiilinganishe na sifuri. Kabla ya 2007 pesa ilipelekwa na kondakta au mtu wa kwenu, na nyingine hazikufika. Tena Suri na Jack walipima ukaribu wa mawakala, na faida kubwa waliiona kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Kwenye ukaribu huo wa mawakala ndipo pengo lingine lilipo. Wakala anahitaji floti (salio la M-Pesa kwenye simu yake) na pesa taslimu kwa pamoja. Benki ikiwa mbali, taslimu humwishia saa nne asubuhi na floti imejaa kwenye simu. Mteja wa huko hulipa nauli juu ya ile 29, na nauli haimo kwenye jedwali la ada.

Daftari_la_Chama: Basi chama chetu tutatuma mara moja kwa mwezi, na mwenye duka tutamsaidia kufungua till. Asanteni.