Naomba ushauri: niache ajira nifungue kitalu cha mimea inayokula wadudu?

Mleta mada
Wanajukwaa, habari za jioni. Nimeajiriwa katika shamba la maua hapa Arusha, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikikuza mimea inayokula wadudu nyuma ya nyumba, kwanza kwa udadisi, kisha kwa kuwauzia wenye hoteli na wazazi wanaotaka kuwaonyesha watoto wao maajabu. Mwaka jana nilinunua mitego-nzi 40, ile mimea ambayo majani yake hufumba na kunasa mdudu. Leo imebaki tisa, nayo inatoa majani madogo yenye ncha nyeusi, ilhali sijawahi kuinyima maji ya bomba wala mbolea. Cha ajabu, drosera, ile yenye majani yaliyojaa matone ya ute kama umande, niliitelekeza chini ya mchirizi wa bati na imestawi hadi inajiotea yenyewe kwenye vyungu vya jirani. Nina akiba ya kuishi miezi minane. Je, niache kazi? Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu mleta mada, jibu umeliandika mwenyewe: drosera inakunywa mvua, mitego-nzi inakunywa bomba. Mimea hii asili yake ni ardhi chepechepe yenye udongo fukara, na hukamata wadudu kwa sababu mizizi yake haipati naitrojeni ya kutosha. Ukiiwekea mbolea kwenye udongo, unaiunguza. Maji yake yasizidi takriban miligramu 50 za madini kwa lita, na sisi wa Arusha na Meru tunayajua maji yetu kwa kutazamana meno yaliyobadilishwa rangi na floraidi. Tumia pitimosi (mabaki ya kuvu-mwani wa kinamasi) na perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za mwamba), lakini soma mfuko kwanza, maana mingi huuzwa ikiwa imekwisha kuchanganywa na mbolea.

Mchangiaji wa pili
Naongezea kwamba mtego-nzi ni mmea wa North Carolina na South Carolina, Marekani, ambako hupumzika miezi mitatu au minne ya baridi na siku fupi. Baridi yetu ya Julai haitoshi, na mchana wetu ni wa takriban saa 12 mwaka mzima. Kibiashara pia una kero: vinyweleo vya ndani ya mtego vikiguswa mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi, mtego hufunga, na mteja ataurudia mchezo huo mpaka majani yachoke, kisha akudai fedha zake. Ningekuwa wewe ningeuza drosera na nepenthesi za milimani, zile zenye vikombe vya kunasia wadudu, zinazopenda usiku wa baridi ya wastani na huzaliana kwa vipandikizi.

Mchangiaji wa tatu
Kabla ya kuagiza nepenthesi nje, fuatilia kibali cha TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania), cheti cha afya ya mimea na karatasi za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini), kwa kuwa jamii zote za nepenthesi zimo kwenye orodha zake, na mtego-nzi vilevile. Bei ikiwa ya kutupwa, uliza ilikooteshwa. Huko North Carolina, kung'oa mitego-nzi porini bila idhini ni kosa kubwa la jinai tangu 2014.

Mleta mada
Nawashukuru sana. Nimepima kwa kifaa nilichoazima kazini: bomba miligramu 380, pipa la mchirizi 12. Kazi siachi, akiba inanunua tenki kabla ya masika. Hizi tisa nizifanyeje?

Mchangiaji wa kwanza
Osha mizizi kwa maji ya pipa, pandikiza leo, na ukiona kikonyo cha ua, kikate.