Samaki wangu aina ya beta asubuhi yuko hoi, mchana ni mzima kabisa: nifanyeje joto la maji litulie?

MapeziBluu (mleta uzi)
Habari zenu wakuu. Nina beta dume wa bluu, mapezi marefu, huu ni mwezi wa nne tangu nimpate. Anakaa kwenye bakuli la kioo la lita 6, juu ya meza iliyo karibu na dirisha. Shida yake ni asubuhi. Nikiamka namkuta amelala kwenye changarawe, mapezi ameyabana mwilini, rangi imefifia. Nikimpa chakula anakitazama tu mpaka kinazama. Ikifika saa nane mchana anazunguka, anatunisha mashavu akijiona kwenye kioo, anakula kila anachopewa.

Wiki hii nimepata kipimajoto nikaanza kuandika. Saa 12 asubuhi nyuzi 20, saa 9 alasiri nyuzi 28. Siku tatu mfululizo ni hivyohivyo. Jana usiku nilimwongezea kikombe cha maji ya moto, akashtuka akaruka kama anataka kutoka nje. Niliogopa sana. Naombeni ushauri, sitaki kumpoteza.

KiooSafi
Pole sana, na hongera kwa kupima. Maji ya moto usirudie. Pale yanapomwagikia yanaweza kumbabua samaki kabla hayajachanganyika.

Samaki hana joto lake mwenyewe, joto la maji ndilo joto la mwili wake. Maji yakishuka mpaka 20, tumbo linasaga polepole na kinga inalegea. Ndiyo maana asubuhi hali chakula. Chakula cha jioni nacho kinabaki tumboni usiku kucha, kwa hiyo kwa sasa mlishe mchana tu, kidogo. Mkague pia kama ana vidoa vyeupe mithili ya chembe za chumvi. Ugonjwa ule humpata kirahisi samaki aliyeyumbishwa na baridi.

Beta anataka nyuzi 24 hadi 28, na wengi wetu tunalenga 26. Ila kwa maoni yangu kinachomtesa wako zaidi ni kuyumba nyuzi 8 kila siku. Heri maji yaliyotulia kwenye 24 usiku na mchana kuliko hayo yako. Leo hii litoe bakuli dirishani. Jua linalipasha mchana, na usiku kioo cha dirisha kinalipoza.

Lita_Arobaini
Naongezea: bakuli lenyewe ndilo chanzo. Maji machache hupoa haraka na kupata moto haraka. Hamia tangi la lita 20 au zaidi, uweke hita yenye themostati, ile inayojizima maji yakifika joto ulilopanga. Kuna hita ndogo za bakuli zisizo na themostati, zinawaka muda wote chumba kiwe na joto au baridi. Hizo ziache.

Kanuni ya kuanzia ni wati 1 kwa lita 1. Chumba chako kinashuka mpaka 20, wewe unataka 26, kwa hiyo kwa lita 20 mimi ningechukua wati 50.

FundiWaMaji
Mkuu Lita_Arobaini, kwenye wati 50 natofautiana nawe. Lita 20 za maji zinahitaji kilojuli 84 hivi kupanda nyuzi 1. Hita ya wati 25 inachukua karibu saa nzima, ya wati 50 karibu nusu saa. Siku themostati ikinasa kwenye kuwaka (nimewahi kuamka nikakuta hivyo, beta wangu hakupona), ya wati 50 inapandisha nyuzi 2 kwa saa mwanzoni. Ya 25 inakupa nafasi ya kushtuka.

Mleta uzi, anza na wati 25 na kifuniko. Tangi lililo wazi hupoteza joto jingi kwa mvuke, watu hulaumu hita bure. Ikishindwa kufika 25 usiku, ndipo uweke ya 50, na uichomeke kwenye kidhibiti joto cha nje chenye kihisi chake, ili kimoja kikinasa kingine kikate umeme.

Lita_Arobaini
Hapo kwenye kidhibiti nakubali. Nami ninacho.

MamaWaBeta
Mwanangu, kifuniko usikichukulie kama kitu cha ziada. Beta ana kiungo cha labirinti kichwani, anapanda juu kuvuta hewa kama tunavyovuta sisi. Hewa hiyo ikiwa ya baridi huku maji yana joto, nayo inamuumiza. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya maji na kifuniko, na tundu la kupitisha hewa.

Hita ilaze chini, karibu na maji yanapotokea kwenye chujio, joto lisambae. Kipimajoto kiweke upande wa mbali. Kabla ya kubadilisha maji chomoa hita, subiri dakika 20, maana kioo chake kikiwa cha moto halafu kikabaki nje ya maji kinapasuka. Waya wake uache uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, matone yasiufuate hadi kwenye umeme. Maji mapya yafanye yawe na joto lilelile la tangini, pima, usikisie kwa mkono. Na wakati wa kumpandisha toka 20, nyuzi 1 kwa saa inatosha, usimharakishe.

MapeziBluu
Asanteni sana, Mungu awabariki. Mama, umeme ukikatika usiku nifanyeje?

MamaWaBeta
Lifunge tangi kwa blanketi pande zote, juu uache pa kupumulia. Jaza chupa maji ya moto kiasi, ifunge vizuri, ielee tangini. Kabla ya kuitumbukiza chota maji kidogo ya tangi yasije yakafurika. Usimlishe mpaka umeme urudi.

MapeziBluu
Mrejesho, siku ya 9. Tangi la lita 20, wati 25, kifuniko, mbali na dirisha. Asubuhi 25, alasiri 26. Leo saa 12 na nusu nilimkuta juu ananisubiri, akala chembe zote tatu, na pembeni ametengeneza kiota cha mapovu! Swali moja tu: nimeongeza kipimajoto cha kubandika nje ya kioo, kinasoma 24 wakati cha ndani kinasema 25. Nifuate kipi?

FundiWaMaji
Fuata cha ndani. Cha kubandika kinavutwa na hewa ya chumba. Nacho cha ndani kila baada ya muda kilinganishe na kingine, vyote viwili ndani ya kikombe kimoja cha maji.