Babu yangu Mchina, mie mtoto wa Unguja: niendelee na Kimandarini au nitafute Kikantoni?

mjukuu_wa_malindi

Assalam aleikum wadau, na wengine habari zenu. Naomba mnivumilie maana hili jambo nimekaa nalo muda mrefu na sina wa kumuuliza.

Mie mzaliwa wa Unguja, naishi Dar kwa ajili ya kazi, nina miaka 36. Babu yangu mzaa mama alikuwa Mchina, alikuja Unguja kijana miaka ya 1930 huko, akawa ananunua majongoo ya bahari kwa wavuvi, anayachemsha, anayaanika, yanasafirishwa kwenda kwao. Akasilimu akamuoa bibi, hakurudi tena. Kafariki 1996 mie niko darasa la kwanza. Ninachokikumbuka vizuri ni akinikalisha mkekani ananisogezea bakuli anasema hiak fan, hiak fan, na mpaka leo mama akitenga chakula anatuita hivo hivo, tulipokuwa wadogo tulijua ni Kiswahili cha watu wote.

Sasa mwezi wa kwanza nimejiandikisha darasa la Kichina la jioni, kile rasmi cha Kimandarini. Siku ya kwanza tu mwalimu kaniangalia sura akaanza kunisemesha moja kwa moja, nikabaki namtazama. Wenzangu wakaambizana huyu kwake rahisi, iko kwenye damu. Basi kila nikikosea toni, ile kupanda na kushuka kwa sauti inayobadilisha maana ya neno, nahisi kama nimekosa kitu ambacho nilitakiwa nizaliwe nacho, mwenzangu akikosea toni ile ile wanampigia makofi kwa kujitahidi. Kariakoo nako Wachina wa madukani wananisemesha kwa furaha, nikijibu Kiswahili nyuso zinabadilika. Nikitoka nje watoto wananiita Mchina. Chotara nimeitwa tangu skuli, hilo nimeshazoea.

Ila kilichonitoa machozi ni mama. Nilimpigia simu kwa furaha nikamwambia nimejifunza kusema kula chakula, chi fan. Akanyamaza, kisha akasema "hicho si cha baba." Nikahesabu yi, er, san, akasema hapana, baba alituhesabia yit, ngi, hlam. Mtu mmoja kazini kaniambia basi babu yako alikuwa Mkantoni, unapoteza hela zako. Na jina lake kwenye karatasi zote limeandikwa Chin, watu wa mtaani walidhani ni kifupi cha Mchina. Mama ana kopo la biskuti lina barua 11 alizotumiwa kutoka kwao, hakuna mtu kwenye ukoo anayeweza kuzisoma hata mstari.

Niendelee na hichi Kimandarini au niache nitafute Kikantoni? Na nyie mliochanganya damu mkaamua kujifunza lugha ya upande ule mwingine ukubwani, mlifanyaje?

kontena40

Endelea na Kimandarini dada. Ndo kina kazi, ndo kina mitihani ya HSK, ndo kina skolashipu. Kikantoni utaongea na nani Dar?

bintimsa_nusu

Naomba nimjibu huyo wa juu kwa heshima, dada hakuuliza kazi. Yeye ataka kumsikia babuye.

Mie wa Mombasa, mamangu Mdigo, babangu Mjapani. Baba alikuwa akitusemesha Kiingereza nyumbani kwa sababu mama hakujua Kijapani, hicho chake kilitoka akikasirika, akilewa usingizi ama akipiga simu kwao. Kwa hivyo nilikua na vipande vipande. Nilianza kusoma nikiwa na miaka 24, na wajua nini, matamshi yalinijia mbio kwa sababu irabu za Kijapani ni a i u e o zetu zile zile, silabi zao nyingi zaisha kwa irabu kama zetu, sakana, tamago, mtoto wa Likoni atatamka vizuri kuliko Mzungu aliyesoma miaka mitatu. Pale sikuwa na shida.

Shida yangu ilikuwa nyingine, na hii ndiyo nataka uisikie. Nilipoenda kwao mara ya kwanza nikaketi na shangazi zangu nikaanza kuongea, na mie najiita "ore". Ndiyo "mimi" niliyoisikia kwa babangu maisha yangu yote. Shangazi mkubwa akaweka kikombe chini akaniangalia. Ile ni "mimi" ya wanaume, tena ya wanaume wakiwa na wenzao, na hata nilivyosema kula nilisema "kuu" kama baba badala ya "taberu". Kumbe miaka yote niliyokuwa nikiokota maneno nilikuwa nikijifunza kuongea kama mzee mwanamume mmoja. Niliona haya sana. Halafu shangazi akaanza kulia, akasema nimeongea kama kakake alipokuwa kijana.

Mwalimu wangu alinisahihisha yote, sasa najiita "watashi" kama watu. Lakini na yule shangazi, tukiwa wawili, nasema "ore", ataka mwenyewe.

Na hilo la watu kukuambia iko kwenye damu usilibebe. Kule nako huniita hafu, yaani nusu, nikisema sentensi mbili wanisifu Kijapani changu kizuri, ile sifa ya kumsifu mgeni. Hapa Mombasa mie Mjapani, kule mie mgeni aliyejitahidi. Haiishi. Nimeacha kuingoja iishe, nimeendelea kusoma kanji zangu, zile herufi za Kijapani zilizotoka kwa Wachina, zile za kawaida peke yake ni 2,136 na nimefika mahali naweza kusoma gazeti polepole.

mzee_wa_xiaobei

Dada nimesoma swali lako mara tatu, nimekaa nalo kwenye treni mpaka nikapitiliza stesheni. Mi Mtanzania, nipo Guangzhou mwaka wa 11 huu, napakia mizigo, mke wangu ni wa hapa hapa mkoani Guangdong.

Babu yako siyo Mkantoni wa mjini. Sikiliza. Kikantoni cha Guangzhou na Hong Kong moja mbili tatu ni yat, yi, saam. Kula wali ni sik faan. Mama yako kasema yit, ngi, hlam. Hiyo hl, ambayo ni kama unaweka ulimi wa l alafu unapuliza hewa pembeni, na hiyo hiak fan, ni Kitaishan, watu wa wilaya ya Taishan, kusini magharibi ya hapa, upande wa baharini. Bibi yake mke wangu ni wa kule kule, akihesabu hela sokoni nasikia hlam hlam hlam. Na Chin siyo kifupi cha Mchina, ni ukoo. Unaandikwa 陳. Kimandarini wanausoma Chen, Kikantoni Chan, Kitaishan Chin. Kwa hiyo yule karani aliyeandika karatasi za babu yako alimsikia sawasawa, aliandika alivyotamka mzee mwenyewe.

Taishan na wilaya jirani ndo zimetoa watu wengi sana kwenda ng'ambo, waliojenga reli Marekani kule karne ya 19 wengi wao walitoka hapo. Ukimwambia mtu wa kule babu yangu alienda akabaki hatashangaa hata kidogo, karibu kila nyumba ina wa kwao aliyeondoka.

Sasa swali lako. Usiache Kimandarini, na sababu yangu siyo ya kazi. Barua zako 11 hazikuandikwa kwa sauti ya Kitaishan, watu wa kule wakiongea wanaongea yao lakini wakiandika barua wanafuata maandishi ya Wachina wote, ndo maana hata mtu wa Beijing ataisoma barua ya mtu wa Taishan ingawa wakionana ana kwa ana hawasikilizani. Darasa lako ndo linakupeleka kwenye lile kopo la biskuti. Ila darasani wanawafundisha maandishi yaliyorahisishwa, yale ya kuanzia 1956, na barua za babu zitakuwa za maandishi ya zamani, 陳 badala ya 陈, unaona ile kulia imebadilika. Kwa hiyo kila herufi unayojifunza, tafuta na umbo lake la zamani uandike pembeni. Zinaweza kuwa zimeandikwa wima, mistari inaanzia kulia inaenda kushoto. Bibi yako kama alisoma chuo cha Kurani hilo la kuanzia kulia lisingemsumbua.

Fanya hivi leo usiku, mwambie mama apige picha bahasha na mwisho wa barua ambapo kuna tarehe. Tafuta 台山 au 臺山, ndo Taishan. Ukiona 民國 na namba mbele yake ni kalenda ya Jamhuri ya zamani, jumlisha 1911 unapata mwaka. Barua yenyewe usiirushe humu, hayo ni mambo ya familia.

Na sauti, hiyo hl, hutaipata darasani popote. Mwalimu wake ni mama yako. Mrekodi.

mwalimu_kibosho

Mi nafundisha Kichina, sina damu ya huko hata tone, ni mtoto wa mkulima wa kahawa Kibosho. Namuunga mkono mzee wa Xiaobei kwa yote, naongeza machache ambayo naona walimu wetu hawayasemi maana vitabu vinaandikiwa watu wanaotoka kwenye Kiingereza.

La toni, msikubali kuambiwa sisi Waafrika toni ni ngumu. Kiswahili ndo hakina. Mimi Kichaga kina toni, Kihaya kina, Kisukuma kina, nilipofika darasani mara ya kwanza nilisikia kitu ambacho bibi yangu anafanya kila siku akiita ng'ombe na watoto. Kwako wewe wa Unguja itachukua muda na siyo kosa la damu, hukulelewa na lugha ya toni basi.

Lakini una kitu ambacho mimi sina. Wazee wa Mombasa na Lamu, na baadhi huko kwenu, wanatofautisha paa la nyumba na paa yule mnyama, la nyumba linatoka kavu, la mnyama linatoka na pumzi, weka kiganja mbele ya mdomo utaisikia. Ndo b na p za pinyini, yaani Kichina kikiandikwa kwa herufi hizi zetu za a b c. B ya pinyini siyo b ya baba, ni ile paa ya nyumba. P yake ni paa wa porini. Wanafunzi wangu wa bara nawasumbukia miezi miwili kwa hilo, mtu wa pwani anaipata siku moja akielezwa kwa mfano huu.

Na ile wanafunzi wanayolalamika, kila kitu kina neno lake la kuhesabia, zhang kwa karatasi na meza, tiao kwa samaki na mto na suruali, ben kwa vitabu, hiyo kwetu ni jambo gani geni? Sisi tunasema mti miti, kitabu vitabu, kila kitu na kundi lake, na mtoto hafundishwi. Vile vile jamaa. Kiingereza kina anko mmoja kwa wote. Kichina kina mjomba wake, jiujiu, shangazi wake, gugu, baba mkubwa ni bobo, baba mdogo ni shushu. Nikifundisha somo hilo nafunga kitabu, naandika maneno yetu kushoto na yao kulia, linaisha kwa dakika kumi na watu wanacheka kwa raha.

Mwambie mwalimu wako ukweli, faragha, mwambie babu alifariki nikiwa mdogo, naanza sifuri kama wenzangu. Kama ni mwalimu ataelewa. Mi nimewahi kumkosea mwanafunzi wa namna yako, nilimuuliza mbele ya wote kwa nini hajui lugha ya baba yake. Hakurudi darasani. Mpaka leo linaniuma.

mjukuu_wa_malindi

Nimechelewa kurudi, samahanini. Jana nilipanda boti ya jioni nikaenda nyumbani, sikuweza kungoja picha.

Tumetoa barua zote tukazipanga kitandani mimi na mama. 台山 ipo kwenye bahasha saba. Kwenye moja tarehe ina 民國 na namba yake tumeisoma wenyewe kwa zile nilizojifunza darasani, 三十六, nikajumlisha kama ulivyosema, 1947. Ni kitu cha kwanza nimekisoma kwenye mkono wa watu wa kwao. Mama kaniuliza na hii je, na hii je, nikawa namwambia hii sijafika bado, hii ni mlima, hii ni mama.

Mzee wa Xiaobei, nikamuuliza mama unalijua neno Taishan, akasema hapana. Nikasema basi labda babu alilitamka vingine, nikatafuta mtandaoni wenyewe wanavyoliita, nikamwambia Hoisan.

Mama akakaa chini. Amesema siku za mwisho babu akiwa kitandani alikuwa anarudia hilo neno, hoisan, hoisan, na wao wakajua anamwita mzee Hassan, jirani yetu waliyekuwa wakicheza naye bao kila alasiri. Wakamwendea, mzee Hassan akaja akakaa naye siku mbili kamshika mkono, na babu akawa anaendelea kusema hivo hivo, wakasema homa imempanda hamtambui rafiki yake.

Mama hakulia, kauliza tu ni mbali kiasi gani kutoka baharini, nikamjibu ulivyosema, kuwa ni upande wa baharini. Kisha tukawasha simu kurekodi. Kahesabu mpaka sita, saba kaisahau, usiku wa manane kaja kunigongea mlango ameikumbuka.

Naendelea na darasa. Binti wa Mombasa, nikuulize faragha kuhusu shangazi zako ulivyowapata?