Naomba ushauri: Naivasha ilibadilika, au ni kuoza tu?

Ndugu zangu, hamjambo? Niko Nairobi, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu mashapo ya Ziwa Naivasha. Kadiri ninavyoshuka kwenye matope, yaani kurudi zamani, kaboni-13 (kaboni ile nzito kidogo) inapungua, jumla kama sehemu 1.5 kwa elfu.

Msimamizi wangu anasema ni wazi: zamani mafunjo yalikuwa machache. Inaingia akilini, maana mafunjo ni mmea wa C4 (kundi la mimea lenye kaboni-13 nyingi zaidi), yako karibu na −12 kwa elfu kwenye kipimo cha kaboni-13, na miti mingi iko karibu na −27. Lakini mimi nina shaka. Mabaki yakioza, bakteria hula sukari na protini kwanza, kisha inabaki lignini, kile kitu kigumu cha kwenye mbao, ambayo kaboni yake ni nyepesi, yaani ina kaboni-13 kidogo. Kuoza peke yake kunaweza kunipa mteremko huohuo!

Nitrojeni ndiyo balaa zaidi. Penye oksijeni, kuoza huelekea kupandisha nitrojeni-15 (nitrojeni ile nzito). Pasipo oksijeni huweza kuishusha. Naivasha haina kina kirefu na upepo wa alasiri huikoroga, kwa hiyo sijui nitegemee upande gani. Hata uwiano wa kaboni kwa nitrojeni, ambao kila mtu ananiambia niutumie kujua mabaki yalitoka kwenye mimea gani, nao huyumba vitu vikioza.

Nafikiria kuozesha mafunjo na mwani kwenye chupa gizani, zenye hewa na zisizo na hewa, nipime mabadiliko. Aliyewahi kufanya hivyo, je, miezi michache inatosha? Au nitafute pesa nipime nta ya majani, ambayo huvumilia kuoza? Bei yake, jamani, inatisha.