Wana wa Bi Somoe: mguu wa Kaka Hamisi

Zuhura 06:41
Asalaam aleikum familia. Kwa ambao hamjasikia, Kaka Hamisi jana jioni kaumia mguu pale uwanja wa shule, si pikipiki jamani, alikuwa anashangilia goli la Shaibu. Kafungwa hogo na Alhamisi anatakiwa hospitali ya Ligula kwa daktari wa mifupa. Kila mtu elfu 15, namba yangu ni ileile. Na nani atampeleka?

Zuhura 07:58
Naona tiki za bluu tu

Issa Dar 08:20
Kaka si ana miaka 53, kashangiliaje mpaka hogo?

Zuhura 08:22
Alikuwa pembeni na kikoi chake. Muulizeni Shaibu

Mwajuma Masasi 08:23
Na kikoi 😂😂😂

Shaibu 08:31
Shikamooni. Mimi nilifunga nikasujudu kama Salah basi, nainua kichwa namuona baba kaingia uwanjani mbio anaelekea kwenye kibendera karuka ile ya Ronaldo ya siuuu, sasa Ronaldo anazunguka nusu hewani anatua na miguu yote miwili kaitanua, baba kikoi kilimbana kazunguka robo katua na mguu mmoja. Tukasikia pa! Akageuka anamuuliza refa we umenipiga teke la nini

Issa Dar 08:33
😂😂 refa je

Shaibu 08:34
Alishika mfukoni atoe kadi akakumbuka baba hachezi

Issa Dar 08:36
Ronaldo mwenyewe ile kaianza 2013 kule Marekani wanacheza na Chelsea, ana miaka 28 na viatu vya njumu. Kaka kaianza na 53 na ndala

Zuhura 08:40
Haya mmecheka. Daktari kasema mfupa mzima, ni ule mshipa wa nyuma juu ya kisigino, ndiyo maana kaona kama kapigwa teke. Na ASICHULIWE, namaanisha wewe Mama Asha

Mama Asha 08:52
Mafuta ya ufuta yamemkosea nini mtu

Zuhura 08:55
Lingine. Mikorosho ya Kaka imeanza kutoa maua na ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, hausubiri mguu wa mtu upone. Mashine ya salfa ipo, mpulizaji nani?

Zuhura 10:30
Haloo

Rashidi 12:47
Mi nitatoa ila nina swali, ya mabati yaliishia wapi

Zuhura 12:48
Rashidi siyo leo

Rashidi 12:55
Kila siku siyo leo, leo ni lini dada. Msimu wa 2021 malipo yangu ya kwanza ya korosho yote nilimkabidhi Kaka Hamisi anunue mabati ya mama, watoto wangu walifungua shule na madaftari ya mwaka jana, na mpaka leo mvua ikinyesha Newala mama anasukuma kitanda kutoka kona hii kwenda kona ile. Pesa ya kurukaruka ipo

*Mwajuma Masasi amefuta ujumbe huu*

Zuhura 12:57
Mwajuma nimeuona

Mjomba Newala 15:16
Huyu ni Fatu naandika anachosema babu. Anasema mwaka 1990 Italia yule Milla wa Cameroon alikuwa na miaka 38 na akafunga manne, lakini alikwenda kwenye kibendera akakata kiuno, hakuruka. Mtu mzima haruki

Issa Dar 15:18
Mjomba 1990 huku bara TV tulikuwa nayo? 😂

Mjomba Newala 15:24
Babu anasema nani huyo

Mjomba Newala 15:31
Anasema Rashidi, mwenye nyumba ni dada yangu, tumbo moja. Mdai wa mabati ni mimi na nitamdai Hamisi akiwa amesimama kwa miguu yake miwili. Aliyelala hadaiwi. Tumeni hela

Rashidi 17:50
Sawa mjomba. Nimetuma

Issa Dar 17:52
Nimetuma. Samahani mjomba

Mama Asha 18:05
Nimetuma na mafuta nayaleta

Mwajuma Masasi 18:40
Nimetuma elfu 7, nyingine mwisho wa mwezi

Kaka Hamisi 21:10
Shikamoo mjomba. Mabati yapo kwangu hapa Chikongola yamesimama nyuma ya kabati, yaliyokosekana ni mbao na misumari na gari ya kuyapandisha Newala, niliandika humuhumu kwenye kikundi tuchangie hakuna aliyenijibu

Zuhura 21:19
Nimeitafuta. Kweli ipo, Februari 2022. Tumesoma wote

Rashidi 21:26
Mangapi

Kaka Hamisi 21:27
20

Kaka Hamisi 21:33
18. Mawili nimeazima banda la kuku

Issa Dar 21:34
Kuku hawanyeshewi 😂

Zuhura 21:40
Na mimi nimeweka yangu, jumla elfu 67. Turudi kwenye mada. Alhamisi saa moja asubuhi nani anampeleka, na salfa nani? Rashidi wewe si uko karibu na shamba

Rashidi 21:58
Nitaangalia

Shaibu 22:01
Shangazi mimi Alhamisi nina mtihani

Kaka Hamisi 22:04
Mwenye ile video anitumie, niliyonayo inakatika kabla sijatua

Salma Lindi 23:12
Bando liliisha jamani ndo nimeunga sasa hivi. Nani kafunga goli?