VM ikihamia hosti ya pili saa yake inapoteza majira, naombeni ushauri

mchunga_seva

Wakuu heshima kwenu.

Nina hosti mbili za KVM hapa kazini, yaani seva mbili zinazobeba VM (kompyuta pepe) ndani yake. Ni SACCOS ya kawaida tu, chumba cha seva kilikuwa stoo, kikafungwa AC kikapandishwa cheo. Mashine zote mbili ni mtumba. Hosti A ina Xeon E5-2640 v3, hosti B ina E5-2640 v4. Kwa kuona namba zinafanana nikajua ni ndugu wa tumbo moja, kumbe v3 ni GHz 2.6 na v4 ni GHz 2.4.

Jumamosi fundi wa UPS alikuwa anakuja, nikaamua kuhamisha VM ya hifadhidata (PostgreSQL) ikiwa hai, yaani bila kuizima, kutoka A kwenda B. Mara ya kwanza ikagoma:

`State blocked by non-migratable CPU device (invtsc flag)`

Nikaingia `virsh edit` (mipangilio ya VM), nikafuta mstari wa invtsc, nikaizima VM nikaiwasha, nikajaribu tena. Ikapita bila neno.

Jumatatu asubuhi wahudumu wa dirishani wanalalamika: msimbo wa tarakimu sita wa kuingilia kwenye mfumo, ule unaotegemea saa, mara unakubaliwa, mara unakataliwa. Nikafungua VM, nikaweka `date` kando ya simu yangu. Dakika moja ikipita kwenye simu, VM imepiga sekunde 55 na kidogo. Inaendelea kuchechemea hivyo dakika kadhaa, halafu ntpd (programu ya kusahihisha saa kupitia mtandao) inaivuta kwa mpigo mmoja, inaruka mbele sekunde ishirini na ushee, inaanza upya. Kuna muamala kwenye hifadhidata unaonekana umeandikwa kabla mteja hajaubonyeza.

Nimeweka governor ya performance (prosesa isipunguze kasi) hosti zote mbili, nimezima turbo (kasi ya ziada) kwenye BIOS ya B. Hali ni ileile. Kuna namna ya kuzifunga prosesa hizi kasi zifanane? Nawasilisha.

kibatari

Mkuu zima na C-states zote kwenye BIOS, pande zote mbili. Hiyo ni prosesa kusinzia ndiyo inachelewesha saa. Mimi nilizima miaka mingi iliyopita na sijawahi kuona shida.

Bi_Nyaya

Kibatari, ushauri wako ulikuwa sahihi kwa prosesa za zamani sana. Za leo hapana.

Mchunga, umechanganya kasi mbili. Kuna ile inayopanda na kushuka kwenye mstari wa MHz wa `/proc/cpuinfo`. Hiyo ndiyo turbo na governor wanayoichezea, na saa haina habari nayo. Kisha kuna TSC, kaunta ya mapigo iliyomo ndani ya prosesa yenyewe. Angalia flags za hosti (orodha ya uwezo wa prosesa), utakuta `constant_tsc` na `nonstop_tsc`. Maana yake kaunta inakwenda mwendo uleule, prosesa ikimbie au ilale. Kwa hiyo BIOS irudishe ilivyokuwa, unapoteza nguvu bure.

Kinachokuumiza ni kwamba mwendo wa kaunta ya A si mwendo wa kaunta ya B. VM ilipowaka kwenye A ilijipatia jibu mara moja: mapigo milioni 2,594 hivi ndiyo sekunde. Haiulizi tena hadi iwashwe upya. Ukaihamishia B, ambako kwa sekunde yanapigwa milioni 2,394 tu. Yenyewe inasubiri milioni 200 zilizobaki ndipo ikubali kuwa sekunde imetimia. Gawanya 2,394 kwa 2,594, zidisha kwa 60. Utapata 55.4, ndizo sekunde zako 55 na kidogo.

Lakini hili halitokei kwa VM iliyoachwa kama ilivyo, kwa sababu Linux ndani ya KVM huchagua yenyewe kvm-clock, saa inayosaidiwa na hosti. Tupe majibu ya haya:

Ndani ya VM: `cat /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource` na `cat /proc/cmdline`

Kwenye hosti zote mbili: `virsh capabilities | grep tsc`

mchunga_seva

Asante dada. VM inasema `tsc`. Na cmdline (maagizo ya kuwashia Linux), naona aibu, ina `clocksource=tsc tsc=reliable`. Aliyenitangulia aliziweka, kuna maelezo aliyasoma kwamba hifadhidata inakuwa nyepesi.

A: `<counter name='tsc' frequency='2593993000' scaling='no'/>`

B: `<counter name='tsc' frequency='2394454000' scaling='no'/>`

Halafu nimekwenda kuchungulia `/var/log/libvirt/qemu/` kwenye B. Onyo lipo tangu Jumamosi: `TSC frequency mismatch between VM (2593993 kHz) and host (2394454 kHz), and TSC scaling unavailable`.

Mzee_Konsoli

Basi kesi imekwisha. Ule mgomo wa kwanza haukuwa ukorofi, kijana wangu. invtsc ni ahadi ambayo QEMU (programu inayoendesha VM) inaipa VM kwamba kaunta yako haitabadilika mwendo maisha yako yote. Haiwezi kutoa ahadi hiyo kisha ikakubali kukupeleka nyumba nyingine, ndiyo maana ikakuzuia. Wewe ukafuta ahadi, lakini VM ndani ikaendelea kuiamini kwa sababu ya hiyo `clocksource=tsc`. Na `tsc=reliable` ndiyo mbaya kuliko zote, inamfukuza mlinzi. Keneli (kiini cha Linux) huwa inalinganisha TSC na saa nyingine, ikiona inapotoka inaandika kwenye dmesg (kumbukumbu zake) na kuiacha. Kwako mlinzi aliambiwa akalale.

Fanya hivi sasa hivi, bila kuzima kitu:

`echo kvm-clock > /sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource`

Kvm-clock inasoma kaunta ileile, tofauti ni kwamba hosti inamwachia VM karatasi kwenye kumbukumbu: mapigo mangapi uyageuze kuwa muda gani. VM ikihama, hosti mpya inaandika karatasi yake. Hilo la wepesi lisikutishe. Kvm-clock nayo inasomwa bila kuingia kwenye keneli, na mfumo wa SACCOS hautaona tofauti.

Kisha yatoe yale maagizo mawili ya tsc kwenye GRUB (kiwasha-mfumo) ya VM, na upange muda uizime VM kabisa, uiwashe. Nasema kuizima, siyo `reboot` ya ndani, ili QEMU nayo ianze upya. Hadi hapo taimu zake bado zinapigwa kwa hesabu ya A, `sleep` zinaweza kuchelewa.

mchunga_seva

Shikamoo mzee. Nimebadilisha saa nne kasoro, mpaka sasa `date` na simu zinakwenda pamoja na misimbo inakubalika. Kuizima itakuwa Jumapili usiku.

Ila swali langu la mwanzo bado. Nikitaka kuwa na TSC iliyofungwa na bado nihamishe, haiwezekani kabisa?

Bi_Nyaya

Inawezekana, siyo kwa hizo mbili. Unaandika ndani ya `<clock>`:

`<timer name='tsc' frequency='2593993000'/>`

Hapo umeitaja kasi waziwazi, na hata invtsc ukiirudisha QEMU itaruhusu kuhama. Lakini hosti inayopokea lazima iwe na moja ya mawili. Ama iwe na `scaling='yes'`, yaani prosesa yenyewe inamgeuzia VM mapigo. AMD wanayo muda mrefu, Intel waliileta upande wa seva na kizazi cha Skylake, v3 na v4 zako ziko nyuma ya hapo. Ama kaunta yake isipishane na iliyoandikwa kwa zaidi ya 250 kwa milioni. Kwa A hiyo ni kama kHz 648. Wewe pengo lako ni kHz 199,539. Ukiandika mstari huo, VM itagoma kuingia B, na ndivyo inavyotakiwa igome.

Mashine mbili zenye prosesa ya modeli moja kwa kawaida zinapita, kwa hiyo siku mkipata hela tafuteni v4 nyingine au v3 nyingine.

Jambo jingine, maana nahisi unatumia host-passthrough, yaani VM inaonyeshwa prosesa ya hosti kama ilivyo. Jumapili VM ikiwakia B itaona adx, rdseed na smap, uwezo wa prosesa ambao A haina. Ukiirudisha A ikiwa hai inaweza kuanguka hapohapo, na hilo saa haitakuonya. Weka modeli ya `Haswell-noTSX` (kizazi cha v3) kabla hujaiwasha.

kibatari

Nimekubali kushindwa. Ya Windows je? Nina mbili zinahamahama.

Mzee_Konsoli

Hakikisha kuna `<timer name='hypervclock' present='yes'/>`. Ni kama karatasi ileile, ila kwa lugha ya Windows.

mchunga_seva

Ni host-passthrough kweli, dada. Nabadilisha kabla ya Jumapili.