Naomba ushauri: kuku wa mayai, dawa na mwanangu aliyeharisha

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nipo Chake Chake, Pemba, nafuga kuku wa mayai 120 nyuma ya nyumba.

Mwezi uliopita mwanangu wa miaka 6 aliharisha damu na homa juu. Akapewa sipro, antibiotiki ya kuua bakteria, siku tatu, wapi! Choo kikaoteshwa maabara, ikatoka Salmonela, bakteria wa kuharisha, isiyosikia sipro wala antibiotiki nyengine, tetrasaiklini. Alibadilishiwa dawa, sasa mzima, alhamdulillah.

Kilichonikosesha usingizi ni kopo lililopo bandani. Kuku wakikohoa huwa nawatilia enrofloksasini kwenye maji, kwa kukisia tu kifuniko kimoja kwa ndoo. Nimekuja kufahamu kwamba ni ukoo mmoja na sipro, na mwilini sehemu yake hugeuka sipro hasa, basi bakteria wakiizoea hii huenda wasisikie na ile. Marekani waliipiga marufuku kwa kuku tangu 2005. Sisi dukani twauziwa kama chumvi, haulizwi mtu cheti.

Sisemi kuku wangu ndio waliomuumiza mtoto. Huenda ni chakula cha nje. Dawa nimesitisha, banda nimelisafisha, watoto hawaokoti tena mayai. Ya kula twayachemsha mpaka kiini kigande. Ila wateja wangu ni vijana wa chipsi, na wao kiini chepesi ndio sifa.

Naomba kujua:
Kuku wasioonesha ugonjwa wapimwe nini, kinyesi au mayai, na hapa Pemba nianzie wapi?
Na mayai ya siku nilizotia dawa, niyazuie kuuza kwa muda gani?